Judi Dench: Dakika nane zilizotosha kumletea Oscar

WAHENGA walinena kuwa usidharau wembamba wa reli, garimoshi hupita. Usiku wa Machi 21, 1999, katika ukumbi wa Dorothy Chandler Pavilion jijini Los Angeles, Marekani, ukweli wa methali hiyo ulidhihirika mbele ya ulimwengu mzima wa filamu.

Mwigizaji Mwingereza Judi Dench, aliyekuwa na umri wa miaka 64 wakati huo, aliitwa jukwaani kupokea tuzo ya Oscar ya mhusika msaidizi bora wa kike. Filamu iliyompa ushindi huo ni Shakespeare in Love, ambamo aliigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza. Filamu hiyo huchukua saa mbili na dakika tatu. Katika muda huo wote, Dench anaonekana kwa takriban dakika nane pekee.

Mwenyewe hakulificha jambo hilo. Alipoishika sanamu ya dhahabu, aliwachekesha waliohudhuria kwa kusema kuwa mtu aliyeonekana kwa dakika nane tu pengine alistahili kupewa kipande kidogo cha sanamu hiyo, si sanamu nzima.

Watu walicheka, ila swali lililojificha ndani ya mzaha huo ni zito. Je, mwigizaji hupimwa kwa wingi wa muda aliopewa, ama kwa kile anachokifanya katika muda huo? Waliokuwa wakiwania tuzo hiyo pamoja naye ni Kathy Bates, Brenda Blethyn, Rachel Griffiths na Lynn Redgrave, wote wakiwa wameonekana kwa muda mrefu zaidi katika filamu zao. Je, ilikuwa haki wabwagwe na mtu wa dakika nane?

Ili kulijibu swali hilo, sharti kwanza ieleweke filamu yenyewe inahusu nini, na malkia huyo amewekwa wapi ndani yake.

Mtunzi aliyekwama

Filamu hiyo ya mwaka wa 1998 ilielekezwa na John Madden. Mswada wake uliandikwa na Marc Norman pamoja na Tom Stoppard, ambaye ni mmoja wa watunzi wakubwa wa tamthilia wa karne ya 20. Matukio yake yamewekwa jijini London mwaka wa 1593.

William Shakespeare si mgeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere alizitafsiri tamthilia zake mbili, ile ya Julius Caesar iliyochapishwa mwaka wa 1963, na Mabepari wa Venisi iliyotoka mwaka wa 1969. Hata hivyo, Shakespeare wa filamu hii, anayeigizwa na Joseph Fiennes, si yule nguli anayesomwa shuleni. Ni kijana mwenye madeni, ambaye kalamu yake imekauka. Amemwahidi Philip Henslowe, mmiliki wa jumba la maigizo la Rose, tamthilia ya kuchekesha ambayo hata hajaianza.

Katika zama hizo, wanawake hawakuruhusiwa kupanda majukwaa ya umma nchini Uingereza. Nafasi za kike zote ziliigizwa na wavulana ambao sauti zao zilikuwa hazijavunjika. Viola de Lesseps, binti wa tajiri mmoja anayeigizwa na Gwyneth Paltrow, anaipenda sanaa ya jukwaani kufa kupona. Anavaa mavazi ya kiume, anajiita Thomas Kent, na kupewa nafasi ya Romeo. Shakespeare anaigundua siri hiyo, na wawili hao wanapendana.

Penzi lao lakini halina mustakabali. Wazazi wa Viola wamekwisha kukubali aolewe na Wessex, bwana wa ukoo wa kifahari asiye na fedha, anayetaka mahari ya kugharimia mashamba yake ya tumbaku huko Virginia, ng'ambo ya bahari. Kadiri mapenzi yanavyokua na kuzongwa na vikwazo, ndivyo tamthilia ya kuchekesha inavyogeuka kuwa tanzia ya Romeo na Juliet.

Katikati ya vurugu hizo zote, kuna mtu mmoja tu ambaye neno lake ni la mwisho, naye ni Malkia.

Mara tatu tu

Malkia anajitokeza katika sehemu tatu za filamu, na kila mara hutokea pale ambapo hadithi inapaswa kugeuka.

Mara ya kwanza ni katika kasri la Whitehall, ambako waigizaji wanaonyesha tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Two Gentlemen of Verona. Maneno ya mapenzi hayaonekani kumgusa Malkia. Kinachomfurahisha ni mbwa aliye jukwaani. Anacheka kwa sauti na kumrushia mbwa huyo kitu kitamu. Hapa mtazamaji anafahamishwa mambo mawili kwa mpigo: kwamba Malkia anapenda michezo ya kuigiza, na kwamba hadanganyiki na mapenzi ya maneno matupu.

Mara ya pili ni katika kasri la Greenwich, Wessex anapokwenda kuomba idhini ya kumwoa Viola. Malkia anamhoji msichana huyo mbele ya watu wote. Anashikilia kuwa watunzi wa tamthilia hawawezi kuonyesha ukweli wa mapenzi. Viola, ingawa anatetemeka, anathubutu kumpinga. Papo hapo dau la pauni 50 linawekwa, kati ya Wessex na Shakespeare aliyejificha ndani ya mavazi ya kike akijifanya mwandani wa Viola, iwapo tamthilia inaweza kuuonyesha ukweli huo. Malkia anakubali kuwa shahidi. Isitoshe, kwa mtupo mmoja wa jicho anatambua kuwa moyo wa binti huyo tayari una mwenyewe, na anamdokezea Wessex hivyo bila kupepesa macho.

Mara ya tatu ndiyo kilele. Tamthilia ya Romeo na Juliet inaonyeshwa katika jumba la Curtain. Mvulana aliyepaswa kuwa Juliet amevunjika sauti, na Viola, aliyeozwa kwa Wessex siku hiyo hiyo, anakimbilia jukwaani kuishika nafasi hiyo. Onyesho linapokamilika, Tilney, ofisa wa kasri anayesimamia burudani na vibali vya tamthilia, anavamia ukumbi akitaka kuwakamata wote kwa kosa la kumpandisha mwanamke jukwaani.

Ndipo sauti moja inapomsimamisha. Katikati ya watazamaji, Malkia anainuka. Alikuwapo muda wote bila mtu kujua.

Kwa maneno machache mno anaumaliza mgogoro wote. Anatangaza kuwa aliyekuwa jukwaani ni Thomas Kent, ingawa anafahamu fika kuwa si kweli, na kwa uongo huo anaiokoa roho ya kila msanii aliyekuwapo. Anaamua kuwa Shakespeare ameshinda dau. Lakini pia anakiri kuwa ndoa iliyofungwa mbele ya Mungu hata yeye hana uwezo wa kuivunja, hivyo Viola lazima aende Virginia na mumewe. Kisha anamtaka Shakespeare amletee kitu cha kuchangamsha zaidi.

Anapotoka nje, gari lake la farasi linamsubiri ng'ambo ya dimbwi la matope. Wanaume wa kasri wanasitasita, kisha wanaanza kuvua majoho yao wayatandaze apite. Malkia anawaambia kuwa wamechelewa, naye anakanyaga matope na kwenda zake. Tukio hilo linakifanyia dhihaka kisa maarufu cha Walter Raleigh, anayesimuliwa kuwa aliwahi kutandaza joho lake ili Malkia Elizabeth asichafuke miguu.

Siri ya mvuto wake

Sababu ya kwanza ya nafasi hiyo kunasa iko katika mswada. Norman na Stoppard hawakumpa Malkia maneno mengi, bali walimpa maamuzi. Wahusika wengine wanahangaika, wanajificha, wanadanganya na kukimbizana. Yeye anaketi na kuhukumu. Mtazamaji anapomwona, anajua kuwa kuna jambo litakaloamuliwa. Aidha, hata asipoonekana, kivuli chake kipo, kwani wahusika wote wanaishi chini ya himaya yake. Dakika zake ni nane, ilhali uzito wake umeenea filamu nzima.

Sababu ya pili ni mavazi na sura. Sandy Powell, aliyetwaa Oscar ya ubunifu wa maleba kwa filamu hiyo hiyo, alimvika Dench magauni mapana mazito, kola zilizomzunguka shingo kama sahani, na nywele nyekundu za bandia. Uso ulipakwa rangi nyeupe. Dench ni mfupi wa kimo, ila ndani ya mavazi hayo anajaza chumba kizima. Mavazi ya aina hiyo yangeweza kummeza mwigizaji dhaifu. Yeye aliyatumia kama ngome, akaacha macho na sauti pekee vifanye kazi.

Sababu ya tatu ni malezi ya jukwaani. Dench, aliyezaliwa Disemba 9, 1934, jijini York, alianza uigizaji wa kulipwa mwaka wa 1957 akiwa Ofelia katika tamthilia ya Hamlet na kundi la Old Vic. Mwaka wa 1960 aliigiza Juliet chini ya mwelekezi Franco Zeffirelli, na mwaka uliofuata akajiunga na kundi la Royal Shakespeare Company. Mwaka wa 1963 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Nottingham Playhouse waliozuru Afrika Magharibi na tamthilia za Shakespeare. Mwaka wa 1976 aliigiza Lady Macbeth akiwa na Ian McKellen, onyesho ambalo hadi leo hupigiwa mfano.

Mtu wa tajriba ya namna hiyo hana haja ya kupiga kelele ili asikike. Katika filamu, Dench haharakishi neno. Anatulia, anamtazama anayezungumza naye, kisha anatoa kauli moja kwa ile sauti yake ya mkwaruzo. Kimya chake kabla ya kusema kina nguvu kuliko maneno yenyewe. Waama, kimya kina mshindo mkuu.

Mwanamke katika kazi ya wanaume

Sababu ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Malkia ndiye anayebeba kiini cha filamu.

Viola amejigeuza mwanamume ili afanye kazi aipendayo. Sheria, mila, baba na mume, wote wanamwambia kuwa nafasi yake si jukwaani. Anapofichuliwa, hakuna mwanamume yeyote pale ukumbini mwenye uwezo wa kumtetea. Mtetezi pekee ni mwanamke mwingine, ambaye naye ameketi katika kiti kilichodhaniwa kuwa cha wanaume. Malkia anadokeza kuwa anajua maana ya mwanamke kushika kazi ya mwanamume. Ni kauli fupi, lakini ndani yake mtazamaji anausikia upweke wa mtawala aliyeongoza Uingereza tangu 1558 hadi 1603 bila kuolewa.

Hapo ndipo uigizaji wa Dench unapoonekana ubora wake. Hadi wakati huo Malkia alikuwa mkali na mwenye kejeli. Ghafla, kwa kupunguza tu ukali wa macho, anaonyesha huruma. Lakini hailegezi sheria. Anamwokoa Viola asifungwe, kisha anamrudisha kwa mume asiyempenda. Huruma na ukatili wa madaraka vinakaa ndani ya sentensi zile zile. Mwigizaji aliyeipata hali hiyo kwa dakika chache amefanya kazi ambayo wengine huishindwa kwa saa nzima.

Kwa kweli, kisa hicho ni cha kubuni. Hakuna ushahidi kuwa Elizabeth aliwahi kuketi katika jumba la umma la maigizo. Wasanii ndio walioitwa kuonyesha sanaa yao kasrini. Viola de Lesseps hakuwahi kuishi. Fauka ya hayo, majumba ya maigizo ya London yalifungwa kwa sehemu kubwa ya mwaka wa 1593 kwa sababu ya ugonjwa wa tauni. Lakini Henslowe aliishi kweli na aliijenga Rose mwaka wa 1587, Tilney aliishi kweli, na marufuku dhidi ya wanawake ilikuwa ya kweli. Ni hadi mwaka wa 1660, miaka 57 baada ya Elizabeth kufariki, ndipo wanawake walipoanza kuigiza kwa malipo katika majukwaa ya umma ya Uingereza.

Je, ilikuwa haki?

Ushindi wa Dench haukukosa wapinzani. Mwaka mmoja kabla, alikuwa ameteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu ya Mrs Brown, iliyoelekezwa pia na John Madden, ambamo aliigiza Malkia Victoria. Tuzo hiyo ilimwendea Helen Hunt. Wapo waliodai kuwa Oscar ya 1999 ilikuwa kifuta machozi kwa kilichomponyoka mwaka wa 1998. Wengine waliona kuwa alibebwa na wimbi la filamu yenyewe, ambayo iliteuliwa katika vitengo 13 na kushinda saba, ikiwemo tuzo ya filamu bora.

Hoja hizo haziwezi kupuuzwa kabisa, kwani kura za Oscar hupigwa na binadamu wenye kumbukumbu na mapendeleo. Hata hivyo, kanuni za tuzo hiyo hazijawahi kuweka idadi ya dakika ambazo mhusika msaidizi anapaswa kuonekana. Uamuzi huachiwa wapiga kura. Beatrice Straight alishinda mwaka wa 1977 kwa filamu ya Network, ambamo anaonekana kwa takriban dakika tano tu.

Historia ya tuzo hiyo yenyewe ni ya kupigania hadhi. Tuzo za wahusika wasaidizi zilianza kutolewa mwaka wa 1937, na kwa miaka kadhaa washindi walipewa bamba badala ya sanamu kamili. Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, alipewa bamba mwaka wa 1940 kwa nafasi yake ya mtumishi katika Gone with the Wind. Sanamu kamili kwa wasaidizi zilianza kutolewa mwaka wa 1944. Ina maana kuwa hata waandaaji wenyewe walichukua muda kukubali kuwa nafasi ndogo inaweza kuhitaji kipaji kikubwa.

Mwaka huo wa 1999 ulitoa pia kipimo cha kufaa. Mwigizaji wa Australia Cate Blanchett aliteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa kumwigiza malkia yule yule, katika filamu iliyoitwa Elizabeth. Blanchett aliibeba filamu nzima mabegani, akamwonyesha binti anayegeuka kuwa mtawala. Dench alimwonyesha mtawala huyo uzeeni, akiwa amekwisha kuyaona yote. Mmoja alihitaji saa mbili, mwingine dakika nane, na kila mmoja alitimiza alichotakiwa na hadithi yake. Tuzo aliyowania Blanchett ilimwendea Paltrow, yule Viola aliyeokolewa na malkia wa Dench.

Baada ya Malkia

Wakati wa utayarishaji wa filamu, jumba la Rose lilijengwa upya kwa mbao katika studio za Shepperton. Dench alikuwa na uhusiano wa aina yake na jumba hilo. Mabaki ya Rose halisi yalipofukuliwa kusini mwa mto Thames mwaka wa 1989, mahali palipokusudiwa kujengwa ofisi, yeye na wasanii wenzake walijitokeza kupigania yasifukiwe na kusahaulika. Upigaji picha ulipokamilika, ile Rose ya mbao alizawadiwa yeye, naye akaihifadhi kwa miaka kadhaa badala ya kuacha ibomolewe na kutupwa.

Tangu wakati huo ameteuliwa mara nyingine sita kuwania Oscar, mara ya mwisho ikiwa mwaka wa 2022 kwa filamu ya Belfast. Kwa jumla ameteuliwa mara nane, na sanamu aliyo nayo ni ile moja tu ya dakika nane.

Katika tukio la mwisho la Shakespeare in Love, mtunzi aliyeachwa na mpenzi wake anaanza kuandika tamthilia mpya kama alivyoagizwa na Malkia. Ni Twelfth Night, ambayo shujaa wake ni mwanamke anayejigeuza mwanamume, na jina lake ni Viola. Nafasi hiyo hiyo ya Viola, Dench aliiigiza jukwaani na Royal Shakespeare Company mwaka wa 1969.

Kwa hivyo, aliposimama ukumbini kama Malkia na kumwokoa msichana mpenda jukwaa, Dench hakuwa mgeni aliyepita kwa dakika nane. Alikuwa mtu aliyezifanyia kazi dakika hizo kwa zaidi ya miaka 40. Mcheza kwao hutunzwa.